Sireni Ikilia, Diski Inatoka

Kazi moja, 5 Novemba 1973

Ninaanza kuandika leo, siku ya kwanza ya kazi mu juma, sababu mvua imeanza, na sababu mutoto ya dada yangu anataka kuniua. Hana panga. Ananiua na mashini. Siku ile mashini yake itaanguka, bantu basome hapa bajue kama muzee Mwaba alisema mbele.

Herufi nilijifunza kwa mapadri, miaka mbili. Nyuma nikaacha, maana nilikuwa ninazijua zote.

Miye ndiye mulinzi ya diski mu nyumba ya mashini ya hesabu ya Kampani, hapa Lubumbashi. Diski ni sahani nyeusi zimepangwa moja juu ya ingine, ziko na kifuniko na mukono ya kubebea, uzito sawa mutoto ile anaanza kutembea. Ndani yake iko majina ya bantu yote ya Kampani: nani anafanya wapi, iko na watoto wangapi, anapata posho ya unga gani. Asubui ninazitoa mu chumba ya chuma, ninazivalisha mu mashini. Sireni ya kazi ikilia, ninazitoa, ninazirudisha, ninafunga. Sireni ikilia, diski inatoka. Bwana Adalbert, Mubeleji ile alikuwa shefu zamani, alinipa ufunguo mbele ya bantu yote, akasema kintu ya Kampani hailali inje. Hata yeye alikuwa anabisha hodi kwangu.

Sasa Musonda, ule mutoto ya dada yangu, amerudi kutoka Ubelgiji na miwani na diploma. Leo Citoyen Chanda, shefu ya sasa (siku hizi hatuseme tena Bwana, tunasema Citoyen), ametukusanya. Amesema Musonda atapanga upya namna mashini inaandika na kusoma diski. Mvua ikiisha, kazi itakuwa imeisha, chumba ya chuma itafungwa, diski zitalala mule mule mu mashini.

«Na muzee atapumuzika,» akasema, akaniangalia, akacheka.

Kupumuzika maana yake nyumba yangu ya kampi ya bafanyakazi inarudi kwa Kampani. Nimeishi mule tangu mama ya watoto alikuwa hai. Sitatoka.

Kazi tatu, 7 Novemba

Musonda amekuya kwangu na sukari. Amekaa kwa kiti ya chini, namna inapaswa. Ananiita yama, maana miye ni kaka ya mama yake, na kwetu yama ni mukubwa kupita baba.

«Yama, ndani ya mashini muko programu moja inaamuru zingine zote. Banaiita noyau.»

«Ni kintu gani hiyo?»

«Kokwa. Sawa ile ya avoka.»

«Basi Kampani ilikupandisha ndege uende kusomea kokwa ya avoka.»

Akacheka, mutoto muzuri. Nyuma akaeleza. Leo kila kazi iko na njia yake ya kufika kwa diski. Mushahara iko na yake, posho iko na yake, kupima shaba iko na yake. Zote zinasukumana, na mukono ya mashini inakimbia huku na kule bure. Yeye anabomoa njia zote, anaweka mulango moja na foleni moja.

«Angalia dirisha ya posho, yama. Mama moja anaomba unga, magasinye anaenda kule nyuma mu gala, anarudi. Wa pili anaomba, anaenda tena. Lakini angesikiliza kwanza bamama kumi, angeenda safari moja.»

«Na ile bitu ya bamama kumi, wakati anangoja, iko wapi?»

«Mu kichwa ya mashini. Inasema, nimeandika. Lakini inashika kwanza. Nyuma inaandika yote pamoja.»

«Basi inasema uongo.»

«Uongo kidogo, yama. Ya dakika mbili tatu. Ndiyo maana tunaweka taa. Taa nyekundu ikiwaka, diski isitoke. Ikizima, yote imefika.»

Nikamuambia mi sijapata kungoja taa. Ninangoja sireni. Sukari ilikuwa muzuri.

Mposho, 17 Novemba

Salongo, kazi ya serikali ya bila malipo. Tumezibua mifereji. Mvua imeijaza tena mbele hatujafika nyumbani.

Kazi mbili, 27 Novemba

Leo nimeona tusi ile sijaona tangu nizaliwe.

Nimeingia mu chumba ya mashini nimekuta fundi anafunga ulimi ya chuma kwa kifuniko ya diski. Nimeuliza ni nini. Amesema ni amri ya injinia: taa ikiwaka, kifuniko haifunguke, hata ukivuta na mikono mbili.

Kufuli. Kwa mikono yangu. Mikono ile ilimubeba Musonda kwenda kwa munganga wakati alikuwa na surua, mikono ile ilimupa baiskeli aende masomo.

Jioni nimeenda Kamalondo kwa dada yangu Laurentine. Nimekuta Musonda kwa meza, na Ngosa, ule binti ya kazini anaandikia mashini barua zake, ule Musonda anamutaka. Kulikuwa kuku. Muzuri sana. Nilisema mbele ya kuku na mbele ya binti:

«Mutoto yako anafungia yama yake mulango sawa mwizi.»

Laurentine akaweka kijiko chini. «Donat, ni kweli?» Yeye bado anamuita jina ya batizo. Banasema siku hizi majina ile imekatazwa, lakini dada yangu, ukimukataza kintu, anafanya mara mbili.

«Mama, haiko juu ya yama. Ni juu ya muntu yoyote. Muntu anaweza kusahau.»

«Mi ninasahau?» nikauliza.

«Hapana, yama.»

«Mi ni muntu yoyote?»

«Hapana, yama.»

Nikamuambia apige magoti. Akapiga magoti kwa simiti, na shati yake nyeupe ya Ubelgiji, akapiga makofi polepole namna ya kwetu ya kuomba musamaha. Nikamuacha apige. Ngosa alikuwa anaangalia sahani yake. Nikakula mupaja moja ya kuku mbele ya kusema, basi, inuka.

«Kesho kufuli inatoka,» nikasema.

«Inatoka, yama. Lakini ninakuomba taa.»

«Taa nitaiangalia nikipenda.»

Kazi tatu, 28 Novemba

Kufuli imetoka.

Kazi moja, 10 Desemba

Bamejaribu noyau mupya. Kazi ya mushahara ile ilikuwa inatufikisha sireni ya jioni imeisha mbele ya bantu kwenda kula. Mashini hailii tena sawa gari ya zamani; inafanya tu shii, shii. Citoyen Chanda amemukumbatia Musonda mpaka miwani ikaanguka.

Nyuma ameleta tabure, kiti kidogo ya jikoni, ameiweka mbele ya taa.

«Muzee, kazi yako mupya ni hii. Taa ikizima, unainuka. Utaweza?»

Bantu bamecheka. Ngosa pia amecheka, nimemuona. Musonda peke yake hakucheka, na hiyo ni mubaya kuliko kicheko. Alikuwa ananihurumia.

Kazi mbili, 11 Desemba

Taa. Mvua.

Kazi tatu, 12 Desemba

Taa.

Yenga, 23 Desemba

Kwa Laurentine, nyuma ya misa. Bantu ya parokia bamekuya kumuangalia Musonda sawa banaangalia sanamu. Wote banauliza mashini inafanya namna gani, yeye anaeleza na foleni yake na dirisha yake ya posho. Nikasema kama mi niliwafundisha Babeleji namna ya kushika diski. Wakasema ndiyo, muzee, wakamugeukia tena.

Kazi ine, 10 Januari 1974

Bibi ya karani moja amekuya mu nyumba yangu, mi nikiwa ndani ninakula. Hakubisha hodi. Amepima dirisha na kamba.

«Samahani, baba. Ni ya rido ya dirisha. Walituambia unatoka mwezi wa tatu.»

Nimemuambia nyumba iko na panya. Amesema bako na paka.

Kazi tano, 18 Januari

Siku kubwa. Niandike polepole.

Kesho ni mposho, siku ya kugawa unga, basi leo mashini inapanga upya na kuandika tena majina yote ya posho: nani amezaa, nani amehamia kampi ingine, nani anapewa unga na samaki. Mvua ilipiga mabati mpaka hatusikiane. Musonda alikuwa ameitwa juu, kwa Citoyen Chanda. Mu chumba tulikuwa mi na Ngosa peke yetu. Taa nyekundu ilikuwa inawaka.

Sireni ikalia.

Nikainuka. Ngosa akageuka kwa kiti yake.

«Muzee, taa bado.»

«Sireni imelia.»

«Muzee, ngoja kidogo, haitakawia. Ni posho.»

«Weye ulizaliwa mwaka gani?»

Nikazima mashini ya diski. Nikangoja ikaacha kuzunguka, maana mi si mujinga. Nikafungua kifuniko, nikavisha diski kofia yake, nikaibeba. Ilikuwa na joto kwa kifua. Nikaipeleka mu chumba ya chuma, nikafunga, ufunguo mu mufuko.

Kuko bantu batasema muzee hakujua. Nilijua. Mi ninajua kila kintu mu chumba ile kupita wote. Alinieleza mara mingi, na unga, na avoka, na bamama kumi. Nilitaka kuona ile uongo yake ya dakika mbili itaenda kulala wapi mukono ya Mwaba ikikata njia.

Mposho, 19 Januari

Imelala kwa dirisha ya posho.

Bamama bamepanga foleni tangu asubui, na mifuko, na watoto mugongoni. Magasinye anasoma karatasi ile mashini imetoa, anaita. Safu ya kwanza ya kampi wameitwa, ya pili wameitwa. Nyuma karatasi ikaisha. Safu ya chini yote haiko. Mashini ilisema imeandika, na kumbe ilikuwa inashika bado.

«Jina yako haiko, mama.»

«Namna gani haiko? Juma ile ingine ilikuwa.»

«Haiko. Rudi.»

Hakuna muntu ile anapewa unga bila jina. Mvua ikaanguka juu yao. Mama moja, bibi ya Chola ya furu ya kuyeyusha shaba, alikataa kuondoka. Akakaa mu matope, akavaa mufuko yake tupu kichwani, mutoto chini ya kanga analia. Walinzi bakamuinua, akakaa tena. Bakamuinua, akakaa tena. Nyuma bakamuacha.

Safu yangu ni ya kwanza. Unga yangu imejaa mpaka juu. Nimepita mbele yake nayo kwa bega. Mashini ya Musonda imeanguka, namna nilisema.

Kazi moja, 21 Januari

Bantu tatu na suti bamekuya. Hawakusema wanatoka wapi, na hakuna muntu aliuliza. Bamama ya kampi walikuwa wamepiga kelele mpaka kwa bureau ya Chama, na sasa neno ilikuwa sabotage, kuharibu kazi kwa kusudi. Walituweka wote mu chumba ya mashini, bamesimama mbele ya mulango. Mukubwa yao alikuwa na sauti ya chini, ya kupendeza.

«Nani ameharibu posho ya bantu?»

Citoyen Chanda alikuwa anaangalia kucha zake. Nikaona hakuna atasema, basi nikasema miye. Bantu ya suti wanajua muntu ile anaweza kusema.

«Mashini ya injinia inasema uongo. Inasema imeandika, na haijaandika. Ameniambia yeye mwenyewe, na kinywa yake, mu nyumba yangu.»

Na hakuna neno hata moja ya uongo mule.

Muntu ya suti akamugeukia. «Ulisema hivyo?»

«Nilisema,» Musonda akajibu.

«Uliweka uongo mu mashini ya serikali?»

«Haiko vile. Inashika kwanza, nyuma inaandika. Kuko taa.»

«Basi kuko muntu alitoa diski mbele ya taa kuzima?»

Musonda akaniangalia. Na mi nikamuangalia. Kwetu mutoto hanyoshee yama yake kidole mbele ya bageni. Hata kama yama amechoma nyumba. Hiyo alinyonya kwa maziwa ya mama yake, na Ubelgiji haikuitoa. Nilikuwa ninajua. Nilingoja tu.

Ngosa akafungua kinywa. «Musonda, sema...»

«Acha, Ngosa.» Nyuma akamuambia muntu ya suti: «Programu ni yangu. Ni miye.»

Bakauliza majina yake yote. Akasema Musonda wa Kapya. Bakauliza kama haiko ingine. Nikasema mama yake anamuita Donat. Waliandika hiyo pia, na mukubwa yao akatabasamu.

Wakati wanamupeleka, akasimama kidogo mbele yangu. Nilidhani atanitukana. Akasema:

«Yama, diski ile usiivalishe tena kwanza. Ngosa anajua namna ya kutafuta majina.»

Ngosa alitafuta mpaka jioni. Hakuona kintu.

Kazi mbili, 22 Januari

Bamerudisha noyau ya zamani. Mashini inalia tena sawa gari. Sireni imelia, diski imetoka. Hakuna aliniambia ngoja.

Tabure nimepasua kuni, nimepikia bukari ya unga yangu.

Kazi mbili, 5 Februari

Laurentine amekuya kwa miguu kutoka Kamalondo, mvua yote kwa kichwa. Hakukaa.

«Kaka, Musonda iko Kipushi. Mu nyumba moja ya basoda ya jeshi, haina jina kwa mulango. Nilienda. Banakataa mama. Banataka mukubwa ya familia.»

«Baba yake amekufa.»

«Ndiyo maana nimekuya kwako. Yama ni weye. Nenda useme neno.»

«Neno gani?»

«Ile unajua.»

Aliniangalia. Sijui Ngosa alimuambia nini. Mi sikugeuza macho. Mi sigeuzake macho.

«Mvua ikiisha nitaenda,» nikamuambia. «Barabara ni mubaya.»

«Barabara ya Kipushi iko na goudron, kaka, haina matope.»

«Mvua ikiisha.»

Kazi ine, 14 Februari

Mvua.

Kazi tano, 15 Februari

Mvua. Muzuri.

Kazi ine, 21 Februari

Citoyen Chanda ni nyoka na kravati kwa shingo.

Leo nimeingia nimesikia shii, shii. Amerudisha noyau ya Musonda. Ile ile. Ngosa ameniambia jina ya Musonda wamefuta, wameweka ya Chanda, na wakubwa ya Kampani wamemuandikia pongezi. Bantu ya suti wanajua? Wanajua. Hawana shida na programu inayokimbia.

Na kifuniko iko na ulimi ya chuma.

Sireni ikalia. Nikainuka, nikazima, nikavuta. Taa ilikuwa nyekundu. Nikavuta na mikono mbili. Wote bamegeuka kwa viti yao. Hakuna alicheka mara hii. Wanangoja. Nimesimama pale mikono juu ya kifuniko, sawa muntu anashika ngoma na hakuna anacheza, mpaka taa ikazima yenyewe, na ulimi ikafanya tak.

«Unaona, muzee?» Chanda akasema. «Kintu kidogo hivi. Musonda angeiweka tangu mwanzo, hata unga ya bibi moja haingepotea. Sijui nani alimukataza.»

Ngosa akasema, bila kugeuka: «Ule alimukataza anajua mwenyewe.»

Kazi tatu, 6 Machi

Chanda amechukua ufunguo. Alinyosha mukono tu, mbele ya karani. Chumba ya chuma sasa wanaweka ndani fagio na ndoo.

Bibi ya karani alikuya na rido mukononi. Na paka.

Mposho, 30 Machi

Ninakaa Kamalondo kwa Laurentine. Hakuniita na hakunifukuza. Dada hawezi kufukuza kaka yake mukubwa, hiyo anajua vizuri. Amenipa chumba ya Musonda. Kitanda ni muzuri, kipana, ya kununua mu duka. Kwa ukuta iko picha yake na benzake kule kwa baridi, amevaa kofia ya sufu, anacheka.

Laurentine ananipa chakula mbele ya kila muntu, sahani inajaa. Hasemi neno. Nimemuambia mboga ya sombe inakosa chumvi. Amesogeza chumvi.

Kazi ine, 11 Aprili

Ngosa amekuya. Alipiga goti kidogo mbele ya Laurentine. Mbele yangu alibaki wima. Amemuona Musonda kupitia dirisha, soda moja alimuhurumia. Miwani imevunjika, haone mbali. Mukono ya kuume wameifunga na kitambaa, vidole haifunge tena vizuri.

«Banasema mukubwa ya familia akuye aseme namna diski ilitoka,» akasema. «Muzee ile hawatamufanya kintu. Watamuona ni muzee, basi. Nao wanamuachilia Musonda.»

«Watamuona ni muzee, basi?» nikauliza.

«Ndiyo. Muzee ile hakujua.»

Miye. Mwaba. Nisimame mbele ya basoda niseme sikujua taa ni nini.

Nikamuambia viatu yangu imetoboka.

«Aliuliza kintu moja tu,» akasema. «Aliuliza, yama anakuya?»

Laurentine alikuwa anatwanga. Hakusimamisha muchi.

Yenga, 21 Aprili

Laurentine ameshonesha viatu yangu kwa fundi ya Kamalondo, ameipaka rangi, ameiweka mulangoni, pua zake zinaangalia inje. Juu yake ameweka shati nyeupe, ile ya Ubelgiji, amefua.

«Kaka,» akasema. Ni neno ya kwanza tangu niingie mu nyumba hii. «Mvua imeisha.»

Nimetoka inje nimeangalia. Mbingu ni kavu, vumbi imeanza kuruka. Kuko wingu moja tu, kidogo sawa kikombe, kule kwa upande ya Kipushi. Nimemuonyesha na kidole. Nimemuambia tungoje tuone.